Ua Moja Jeupe Katikati

Muuza maua huyu hakuamini maua. Ni kama kumkuta mwokaji asiyeamini mkate, lakini ndivyo alivyokuwa, na mtaa mzima ulijua. Walimbandika jina la Mpelelezi, naye badala ya kukasirika akalipokea kama cheo. "Afadhali mpelelezi kuliko mpumbavu," alikuwa akisema, huku akikata mashina ya mawaridi kwa mshazari ili yanywe maji vizuri.

Kibanda chake kilikuwa kwenye kona, kati ya duka la vitambaa na chumba cha mpiga picha. Mwanamume akisimama mbele ya ndoo zake, kabla hajafungua kinywa, Mpelelezi alikuwa ameshamfungulia kesi. Anayetaka mawaridi mekundu huku akitupa macho nyuma ya bega, hayo hayaendi nyumbani. Anayetaka meupe matupu amefumaniwa jana, leo anataka kuonekana msafi. Anayeuliza, "Lipi shada kubwa kuliko yote?" huyo kosa lake nalo ni kubwa kuliko yote. Na kijana anayemnunulia mchumba mawaridi ya njano, maskini, hajui kwamba njano ni rangi ya urafiki, na kwamba jioni hiyo msichana atamuuliza, "Kwa hiyo mimi ni rafiki yako tu?" Huyo Mpelelezi alimwonea huruma, akambadilishia bila kumuuliza.

Tumtendee haki: mara nyingi alipatia. Dalili ya mvua ni mawingu, na yeye mawingu aliyajua. Ila alipokosea alikosea kwa kishindo. Kuna bwana mmoja alimfungia shada kubwa huku akimtazama kwa jicho la "nimekujua wewe", akamwambia, "Mwambie huyo wa pembeni ayafiche vizuri." Yule bwana akajibu kwa upole kwamba ni ya mwalimu wake aliyemfundisha kusoma, anastaafu leo. Mpelelezi hakuomba radhi. Bwana yule alipokwenda zake, akasema, "Mwalimu! Haya, tuseme ni mwalimu."

Ajabu ni kwamba hakuzaliwa hivyo. Ujana wake aliuanzia katika duka kubwa la maua, lenye vioo mbele na baridi ndani, na aliajiriwa siku ileile pamoja na msichana mwingine. Hawakufanana hata kidogo. Mmoja alikuwa mrefu kama mlingoti na mwingine mfupi wa mashavu, lakini kwa kuwa waliingia pamoja, wakala pamoja na kukosea pamoja, bosi akawaita mapacha. Jina likawashika. Tangu siku hiyo hawakuitana kwa jina jingine: Pacha huku, Pacha kule.

Bosi alikuwa mtu wa sheria, na sheria yake ya kwanza ilikuwa ukimya. "Hapa tunauza maua, hatuuzi maneno," alisema kila asubuhi. Mmoja alimweka mwisho huu wa duka na mwingine mwisho ule, katikati ndoo za maua na wateja. Sasa mfungie msichana mdomo uone kama hatasema kwa vidole. Hao walisema kwa maua. Alizeti likigeuzwa uso ukutani, maana yake bosi kaamka vibaya, chunga. Yungiyungi likilazwa mezani, maana yake njaa inaniuma, nisubiri twende tukale. Jibu la kila wito lilikuwa moja: anayejibu huweka ua moja mfukoni mwa aproni yake, na mwenzake akiliona, anajua amesikika. Zilikuwepo ishara nyingine, nzito, ambazo hazikutumika ila mara chache sana. Bosi alidhani ana wafanyakazi wenye adabu kuliko wote mjini.

Duka lilipofungwa kila mmoja akaanzisha kibanda chake, mitaa miwili tu mbali. Waliazimana ndoo, waliazimana wateja, walilia pamoja mazishini na kucheka pamoja harusini. Kisha meneja wa ukumbi wa harusi, mteja mkubwa wa Mpelelezi, akahama ghafla bila neno la kwaheri. Kesho yake akaonekana kwenye kibanda cha Pacha.

Mtu mwingine angeuliza. Mpelelezi hakuuliza, alihukumu. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliutangazia mtaa. Pacha alipokuja kuzungumza, amesimama mbele ya ndoo na mikono imelowa, Mpelelezi aliendelea kung'oa miiba kwenye mashina kama haoni mtu. Halafu akasema, bila kuinua kichwa, "Hapa tunauza maua, hatuuzi maneno." Pacha akaondoka. Miaka ikapita juu ya sentensi ile.

Mumewe Mpelelezi alikuwa fundi friji, mtu mpole, mwenye harufu ya grisi na stori ndefu za mashine. Katika ndoa yao hakuwahi kumletea mkewe hata ua la majani. "Nikupelekee maua wewe?" alikuwa akisema. "Ni kama kumpelekea mwenye kisima ndoo ya maji." Mkewe alikubaliana naye, ingawa mara mojamoja, akifungia maua ya mke wa mtu mwingine, moyo ulikuwa ukimwambia kwamba hata mwenye kisima hupenda kutekewa.

Kwa hiyo jioni ile fundi alipoingia jikoni ameficha kitu nyuma ya mgongo, Mpelelezi alijua kuna jambo kabla hajaliona shada lenyewe.

"Chukua, mama," alisema fundi.

Lilikuwa shada la mawaridi ya njano, na katikati yake jeupe moja.

"Ya nani haya?"

"Yako."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwangu. Kwani kwa nani tena?"

"Umeyanunua wewe?"

"Nimekuletea tu."

Hilo "tu" ndilo lililomponza. Mpelelezi alikuwa amewasikia wanaume wengi wakisema "tu" mbele ya ndoo zake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa msafi. Aliyapokea, akayageuza chini juu kama mtu anayekagua kuku sokoni. Hayakufungwa kwa utepe. Yalifungwa kwa uzi wa katani, na kifundo kilikuwa kimepinduliwa na kufichwa chini ya mashina. Mjini kote watu wawili tu walifunga hivyo, kwa sababu walijifunza meza moja. Mmoja alikuwa ni yeye, na yeye hakulifunga.

Aliyaweka kwenye jagi la maji, maana mkono wa kazi haukubali ua likauke hata kama ni la adui, kisha akaketi kuyasoma. Njano, kutoka kwa mume kwenda kwa mke: mapenzi yamepoa, tubaki marafiki. Jeupe katikati: nisamehe. Mtu haombi msamaha kabla ya kosa. Na maua yenyewe yametoka kwa yule mwanamke wa kwanza kumwibia. Kwani mwizi aliyezoea mlango si hurudi?

"Leo ulikuwa unatengeneza wapi?" aliuliza wakati wa kula, kwa sauti laini ya kutegea.

"Huku na huku."

Huku na huku! Mtu ambaye siku nyingine husimulia kila mota aliyoifungua, ilivyonguruma, ilivyokohoa, mpaka chakula kinapoa. Mpelelezi alitafuna polepole bila kuonja kitu. Fundi alipokwenda kuoga akanusa shati lake. Lilinuka gesi na grisi kama kawaida, na hilo nalo halikumtuliza. Mtu mjanja angehakikisha shati linanuka kawaida.

Siku zilizofuata aliacha kibanda mikononi mwa mpiga picha, akajipitisha mtaa wa Pacha kwa upande wa kivuli. Akaliona sanduku la vifaa la mumewe kwenye kizingiti cha kibanda. Ndani alimsikia mumewe akizungumza kwa sauti ya chini, na sauti ya Pacha ikijibu, kisha kimya. Kimya ndicho kilichomuumiza. Friji mbovu haitengenezwi kwa kunong'ona.

Jioni fundi akaja na shada jingine. Njano, na jeupe moja katikati.

"Kuna mwanamke?" Mpelelezi aliuliza waziwazi.

"Mwanamke gani, na mgongo wangu huu?" Fundi alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo, akamtazama mkewe usoni, akaufunga. "Mama, wewe yatazame tu vizuri hayo maua," akasema mwishowe. "Wewe ndiye mjuzi."

"Nimeyatazama. Yamesema kuliko wewe."

Hatutamsingizia kwamba alikuwa na hasira tu. Aliumia. Mume alikuwa mmoja na rafiki wa kweli alikuwa mmoja. Rafiki alikwisha kumpoteza, na usiku huo aliona kama anampoteza na mume, tena kwa mkono uleule. Alilala akiutazama ukuta, na fundi naye akilala akiutazama wa upande wake.

Asubuhi alipoamka fundi alikuwa ameshatoka, na sanduku la vifaa limebaki chini ya meza. Fundi gani huenda kazini bila vifaa? Mpelelezi alivaa aproni yake kwa mazoea, akalizungushia shada gazeti kama askari anayebeba kielelezo mahakamani, akashika njia. Maneno yote ya kumtolea Pacha uvivu aliyapanga njiani, makali ya kwanza, makali zaidi ya baadaye.

Kibanda kilikuwa kimefungwa. Ndoo zilikuwa zimepangwa nje, tupu, zimepinduliwa. Jirani yake, fundi viatu, alikuwa akigonga soli barazani.

"Umechelewa, dada," alisema. "Ameondoka mapema, na begi."

"Na begi! Na nani?"

"Na mumeo. Ndiye aliyembebea."

Kwa hiyo ilikuwa kweli, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua, yeye anayewajua waume wa watu wote. Lisemwalo lipo, na hili halikuwa hata limesemwa. Gazeti likamponyoka, likaanguka na maua yake.

"Lete hayo maua, yatakufa na jua hili," alisema fundi viatu, ambaye hakujua anachokitazama. Aliigeuza ndoo moja, akamimina maji yake ya kulowekea ngozi, akalisimamisha shada ndani, pale mbele ya kibanda kilichofungwa.

Mpelelezi alivuka barabara akaegemea ukuta wa upande wa pili, asianguke mbele za watu. Akainua macho.

Na hapo ndipo alipoliona. Mkononi mwa mumewe lilikuwa shada la mume. Ndani ya jagi jikoni lilikuwa kesi. Lakini sasa lilikuwa ndani ya ndoo, upana wa duka mbali naye, umbali uleule wa ujanani, alipokuwa akiinua macho kutoka mezani kutafuta Pacha anasemaje. Njano pande zote, jeupe moja katikati, uzi wa katani badala ya utepe. Waliitumia ishara ile siku Pacha alipopata habari ya kifo cha mama yake, na siku yeye mwenyewe alipoanza kutokwa na damu katika mimba ya kwanza na hakuthubutu kumwambia bosi. Haikuwa na maana ya urafiki wala ya msamaha. Maana yake ilikuwa: maji yamenifika shingoni, njoo.

Njoo, lilisema shada la kwanza, naye akanusa shati. Njoo, likasema la pili, naye akageukia ukuta.

"Wameenda hospitali?" aliuliza.

"Wapi tena? Leo anapasuliwa tumbo. Kila siku alikuwa akitwambia kuna mtu wake lazima atakuja, ndiyo maana akawa anaahirisha kwenda. Tulidhani ni ndugu." Fundi viatu akamtazama vizuri. "Kwani si wewe?"

Mpelelezi alivuka barabara, akalichomoa lile ua jeupe katikati ya manjano, akalitia mfukoni mwa aproni. Kisha akakimbia, mwanamke mtu mzima, mbele ya maduka yote yaliyokuwa yakimwogopa.

Alimkuta mumewe kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, begi la Pacha mapajani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniita nimtengenezee friji," alisema fundi, akiinama. "Nikamkuta hata kusimama hawezi. Akanipa maua, akasema nikupe tu, nisiseme neno, utajua mwenyewe. Nikiwa njiani nikafikiri, ukisikia yametoka kwa nani utayatupa jalalani kabla hujayatazama. Nikasema ni yangu." Alijifuta uso. "Halafu, mama, nikashindwa kurudi nyuma. Uliponiangalia vile niliogopa. Nimekula mashaka ya bure."

Angeweza kumgombeza, na siku nyingine angefanya hivyo mpaka jioni. Lakini alijua ni nani aliyeifanya nyumba yake iwe mahali ambapo mtu mwema anaona heri kudanganya. Alimgusa bega akapita.

Mlangoni mwa wodi muuguzi alinyoosha mkono. "Maua hayaingii humu."

"Sina maua."

"Na hilo la mfukoni?"

"Hili si ua, ni jibu."

"Jibu nalo haliingii." Muuguzi akalitoa, akaliweka juu ya meza yake. Mpelelezi akaingia mikono mitupu.

Pacha alikuwa amelala ndani ya gauni la hospitali. Mashavu yale ya ujanani yalikuwa yameondoka, na macho yalikuwa yaleyale. Alimtazama mgeni wake kuanzia aproni hadi miguu yenye vumbi.

"Umekuja kuniona au kunipeleleza?"

"Nimekuja."

"Nilisubiri mpaka juzi. Jana nikasema, labda ameshasahau." Akaangalia mfuko wa aproni. "Jibu langu liko wapi?"

"Wamelizuia mlangoni."

"Basi sema kwa mdomo," alisema Pacha. "Leo tunauza maneno."

Mpelelezi alikuwa na maneno mengi, aliyapanga njia nzima asubuhi ile, na hakuna hata moja lililofaa. Alikaa pembeni ya kitanda. "Nilikudhania vibaya," alisema. "Juu ya ukumbi. Na juu ya mume wangu."

"Mume wako? Yule?" Pacha akacheka, akashika tumbo kwa maumivu, akacheka tena. "Pacha, maradhi haya yamenila tumbo, hayajanila akili. Ananisimulia mota mpaka nasinzia." Kisha kicheko kikaisha. "Ule ukumbi. Unajua kwa nini meneja alikukimbia? Ulimwambia bibi harusi mmoja kwamba bwana harusi amenunua mawaridi mekundu wiki iliyopita, achunge. Harusi nusura ivunjike. Kumbe alimnunulia mama yake. Meneja akaapa hatakanyaga kwako tena. Siku ile nilikuja kukueleza, ili ukamwombe radhi umrudishe."

Mpelelezi alimkumbuka yule bibi harusi, hata viatu vyake. Alikumbuka pia alivyojipongeza siku hiyo. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, naye hakuitafutia pa kuifichia. "Nisamehe," alisema.

"Sikusikia vizuri."

"Nisamehe, Pacha."

"Sasa nimesikia. Naogopa, unajua? Naogopa sana."

"Nitakaa mlangoni."

"Utakaa kweli, au utakwenda kumchunguza daktari?"

"Nitakaa."

Wakaja kukisukuma kitanda. Mpelelezi alitembea ameshika chuma chake mpaka pale ambapo hawakumruhusu tena. Halafu akakaa kwenye benchi na mumewe, begi katikati yao. Kila mlango ulipofunguka alisimama. Alizitazama nyuso za waliotoka, akajaribu kuzisoma kama alivyozoea kuwasoma wateja, na kwa mara ya kwanza hakuweza kusoma chochote. Alichokuwa nacho ni hofu tu, na ile ahadi ya kukaa.

Mwishowe alitokea yule muuguzi wa mlangoni. "Nani ndugu wa mgonjwa?"

"Mimi. Pacha wake."

Muuguzi alimtazama, mrefu kama alivyo, akamkumbuka na yule mfupi wa kitandani, akakunja uso. Jicho lile la kushuku Mpelelezi alilifahamu vizuri, maana lilikuwa lake mwenyewe. "Pacha? Mbona hamfanani?"

"Hatufanani," alikubali. "Yukoje?"

Muuguzi akalainika kidogo. "Ameamka. Swali lake la kwanza ni kama umeshaondoka."

"Mwambie nipo," alisema Mpelelezi. Papo hapo akakumbuka mahali walipofikishwa na ujumbe wa kupitishwa kwa mtu mwingine, akampita muuguzi, akaingia kulisema jibu hilo mwenyewe.